Wati Ngapi Zinatosha Keja Moja?

Mwaka 1974, tume ya biashara ya serikali ya Marekani, ile inayojulikana kama FTC, ilitoa kanuni kuhusu neno moja dogo: wati. Kanuni yenyewe haikuhusu bei wala utamu wa muziki. Ilisema hivi: ukiuza amplifaya ya nyumbani na uandike kwenye tangazo kwamba ina nguvu ya wati kadhaa, hizo ziwe wati ambazo mashine inaweza kutoa mfululizo, pande zote mbili zikifanya kazi pamoja. Useme pia umepima kwa spika ya ukinzani gani, katika masafa gani ya sauti, na sauti ilikuwa imeharibika kwa kiasi gani ulipopima. Tena kabla ya kupima, mashine ipashwe moto kwanza: ifanye kazi saa nzima kwa theluthi moja ya nguvu yake.

Unaweza kujiuliza, serikali nzima inatafuta nini kwa mambo ya redio? Jibu ni kwamba kufikia wakati huo neno wati lilikuwa limechakaa. Kila kampuni ilikuwa na wati zake, na mnunuzi hangeweza kulinganisha mashine mbili dukani hata akiwa na digrii. Nakuletea hadithi hii kwa sababu sisi wa Nairobi bado tunanunua wati za kabla ya 1974.

Hebu turudi nyuma zaidi, kwa sababu kiu ya wati haikuanza na uongo. Ilianza na shida ya kweli.

Mwaka 1925, wahandisi wawili wa General Electric, Chester Rice na Edward Kellogg, walichapisha muundo wa spika yenye koili inayosukuma koni ya karatasi. Ukifungua wufa yako leo, utapata muundo ule ule. Mwaka uliofuata spika hiyo ikaanza kuuzwa kwa jina la Radiola 104, ikiwa na amplifaya yake ndani. Amplifaya hiyo ilikuwa na wati 1. Bei, dola 250. Wati moja, bana! Na familia zilikaa sebuleni zikasikiliza.

Kwenye kumbi za sinema hali ilikuwa inashangaza zaidi. Kampuni ya Western Electric ilikuwa na vali inayoitwa 300B, na amplifaya yenye vali moja ya aina hiyo ilitoa takriban wati 8. Kwa wati hizo ukumbi mdogo wa sinema ulisikia filamu vizuri. Siri haikuwa kwenye amplifaya. Ilikuwa kwenye spika, ambazo zilikuwa na tarumbeta kubwa mbele yake, kama kipaza sauti cha mhubiri wa stendi lakini chenye ukubwa wa mlango.

Spika ni kama jiko. Kuna jiko la bati tupu linalokula makaa debe zima kabla githeri haijaiva, na kuna lile lenye udongo ndani linaloivisha kwa makaa kidogo. Spika ya kawaida ya nyumbani hugeuza kama asilimia moja tu ya stima inayopewa kuwa sauti. Iliyobaki inakuwa joto. Spika ya tarumbeta hugeuza mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hivyo ukiuliza amplifaya ina wati ngapi bila kuuliza spika ni jiko la aina gani, hujauliza chochote.

Mtu aliyeelewa hilo vizuri ni Paul Klipsch, mhandisi wa mji mdogo wa Hope, Arkansas. Mwaka 1946 alianza kuuza spika aliyoiita Klipschorn. Aliikunja tarumbeta ndani ya kabati la mbao na kuiweka kwenye kona ya chumba, ili kuta zenyewe ziwe mwendelezo wa tarumbeta. Wati chache tu ziliitosha. Shida ni kwamba ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, na ilitaka kona. Sasa wewe fikiria bedsita yako. Kona moja ina kitanda, nyingine ina meko.

Wakati huo upande wa amplifaya nao ulikuwa umepiga hatua. Tarehe 2 Agosti 1927, mhandisi wa Bell Labs aitwaye Harold Black alikuwa kwenye feri akivuka mto Hudson kwenda kazini, New York. Wazo likamjia, akalichora kwenye ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo. Wazo ni hili: chukua sehemu ndogo ya kile amplifaya inachotoa, kigeuze kinyume, ukirudishe mlangoni. Kosa lolote ambalo mashine imeongeza linajipinga lenyewe. Unapoteza nguvu kiasi, lakini sauti inatoka safi.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1947, Mwingereza D.T.N. Williamson alichapisha kwenye jarida la Wireless World ramani ya amplifaya iliyotumia wazo hilo kikamilifu. Ilitoa wati 15, na upotoshaji wa sauti ulikuwa asilimia 0.1 tu. Mafundi wa nyumbani katika nchi nyingi waliijenga wenyewe. Mwaka 1953 kampuni ya Quad ikatoa amplifaya yake ya Quad II, nayo ilikuwa ya wati 15. Kwa hao watu, wati 15 safi zilikuwa muziki wa kutosha nyumba nzima.

Basi nani aliharibu hesabu? Hakuna aliyeiharibu. Edgar Villchur aliibadilisha, na alikuwa na sababu nzuri.

Mwaka 1954, huko Cambridge, Massachusetts, Villchur na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research na kutoa spika ya AR-1. Villchur alilifunga kisanduku kabisa, hewa isitoke wala isiingie, kisha akaifanya hewa iliyo ndani iwe ndiyo springi ya koni. Kwa mara ya kwanza besi nzito ilitoka kwenye kisanduku unachoweza kuweka kwenye rafu. Hakuna kona, hakuna kabati la nguo.

Lakini fizikia haitoi zawadi. Spika ina mambo matatu mazuri: kisanduku kidogo, besi inayoshuka chini, na ulaji mdogo wa stima. Wahandisi wana kanuni wanayoiita kanuni ya chuma ya Hofmann, inayosema unaweza kuchagua mawili tu. La tatu utalilipia. Villchur alichagua udogo na besi. Malipo yakawa wati. Zile wati chache zilizomtosha mwenye Klipschorn hazikutosha tena. Sasa zilitakiwa makumi ya wati.

Na ilifaa gharama. Spika yao ya mwaka 1958, AR-3, ilizungushwa kwenye maonyesho ya hadhara pamoja na wapiga fidla wa Fine Arts Quartet. Wanamuziki walipiga sehemu ya wimbo moja kwa moja, kisha wakaendelea kusogeza nyuta zao juu ya nyuzi bila kuzigusa, huku spika zikiwa zimechukua zamu. Watu wengi ukumbini hawakujua mahali walipobadilishana. Amplifaya zilizosukuma spika hizo zilikuwa za Dynaco, kampuni ambayo mwaka 1959 ilitoa Stereo 70, wati 35 kila upande, ukitaka unaletewa vipande kwenye boksi uunganishe mwenyewe.

Karibu na hapo, mwaka 1958, santuri za stereo zilianza kuuzwa kwa wingi. Stereo inataka spika mbili. Kama nyumba haikuwa na nafasi ya kabati moja la Klipsch, ingepata wapi nafasi ya mawili? Visanduku vidogo vikashinda. Na kila kisanduku kidogo kilichoingia nyumbani kilidai amplifaya kubwa. Baadaye transista, iliyovumbuliwa Bell Labs mwishoni mwa mwaka 1947, ilifika kwenye amplifaya za nyumbani katika miaka ya 1960 na kuzifanya wati kuwa rahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Bob Carver alikuwa anauza Phase Linear 700, yenye wati 350 kila upande.

Hapo ndipo namba ikaanza kuuza kuliko sauti. Na namba inayouza huvutia wajanja.

Tuseme una amplifaya ya kweli ya wati 10 kila upande. Jumlisha pande zote mbili: 20. Badala ya wastani, hesabu kilele cha wimbi, ambacho ni mara mbili ya wastani: 40. Pima kwa mpigo mfupi sana, kabla transfoma haijachoka: labda 50. Kubali sauti iwe inakwaruza kwa asilimia 10: labda 60 na kitu. Pima kwa noti moja tu iliyo rahisi, usiguse besi, na uongeze kidogo ya bahati. Mashine haijabadilika hata skrubu moja. Boksi limebadilika.

Kanuni ya 1974 ilifunga hizo njia, moja baada ya nyingine. Watengenezaji walilalamika sana kuhusu ile saa moja ya kupasha moto, kwa sababu theluthi ya nguvu ni karibu na mahali ambapo amplifaya ya aina hiyo huchemka zaidi. Lakini namba zikapata maana tena. Mashindano hayakuisha. Yalihamia kwenye wati za kweli. Mwaka 1976 Pioneer walitoa SX-1250 yenye wati 160 kila upande, na mwaka 1978 wakaja na SX-1980 yenye 270. Hiyo ya mwisho ina zaidi ya kilo 30. Shika hilo kichwani, litakusaidia dukani: wati za kweli za enzi hizo zina uzito, kwa sababu transfoma ni chuma na shaba. Mwaka 2024, nusu karne baadaye, FTC waliirekebisha kanuni hiyo ili vipimo vyote vifanywe kwa masharti yale yale.

Kanuni ya Marekani haina pasipoti lakini. Mizigo iliyoshushwa huku kwetu ilikuja na herufi nne: PMPO. Maana yake ni kilele cha nguvu ya muziki, na shida yake ni kwamba hakuna kipimo kimoja kilichokubaliwa cha kuihesabu. Kila mtu anapika yake. Ndiyo maana tumekua na redio ndogo ya plastiki, unaibeba kwa kidole, imeandikwa maelfu ya wati.

Usiamini mimi, amini ukuta wako. Soketi ya nyumba ya Kenya ni ile ya Waingereza, ambayo plagi yake ina fyuzi ya ampia 13, na stima yetu ni volti 240. Zidisha 13 kwa 240. Unapata wati 3,120. Huo ndio mwisho wa kile plagi moja inafaa kuvuta mfululizo, na birika la kuchemsha maji likiwashwa hukaribia hapo. Sasa wufa iliyoandikwa wati 12,000 inazitoa wapi?

Swali hilo nililiuliza Luthuli Avenue, kwa fundi mmoja anayekaa juu kwenye ngazi za jengo ambapo hewa inanuka risasi ya kuchomea.

"Fundi, hii kitu inaweza toa elfu kumi na mbili kweli?"

"Kijana yangu, usisome mbele. Mbele ni ya mwenye kuuza. Geuza nyuma usome inakula stima ngapi."

Tukageuza. Nyuma kulikuwa na kibandiko kidogo: volti 240, hezi 50, wati 65.

"Ng'ombe akikula gunia moja," akasema, "hawezi kukupa maziwa gunia mia."

Huyu mzee hajawahi kusoma kanuni ya FTC, lakini amefika pale pale. Kibandiko cha nyuma si kipimo kamili, kwa sababu mara nyingi huonyesha matumizi ya kawaida, si ya mwisho. Amplifaya ya heshima inaweza kutoa mpigo mfupi unaozidi hapo. Lakini kati ya 65 na 12,000 hakuna maelezo. Na kumbuka sehemu ya hizo 65 inapotea kama joto kabla hata haijafika kwa spika.

Sasa nikuambie kwa nini hili jambo linanihusu. Nina spika mbili za marehemu mjomba. Alizinunua zikiwa zimetumika, akaja nazo Nairobi, na miaka yote alicheza santuri zake humo: Franco na TPOK Jazz, benga za River Road, kwaya za Jumapili. Ni visanduku vilivyofungwa kabisa, wajukuu wa Villchur. Nyuma zimeandikwa ukinzani wa omu 8 na desibeli 87. Twita zake hazitengenezwi tena. Nikiziunguza, nimeziunguza. Na nina Sh18,000 ambazo nimezipata kwa makala, si kwa mshahara. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo hakuna mwisho wa mwezi unaonisubiri kunifidia.

Amplifaya ninayotumia ni ya wati 15. Marafiki wakija wanasema ni dhaifu, nitafute kitu cha wati elfu. Wako sawa nusu. Hesabu yenyewe iko hivi.

Desibeli 87 inamaanisha ukiipa spika moja wati 1, ukiwa mita 1 mbele yake, unasikia desibeli 87. Mimi hukaa kama mita mbili na nusu. Nikitoa umbali, nikiongeza spika ya pili na mwangwi wa kuta, nabaki na kama 84. Kwa kawaida nasikiliza kwa wastani wa kama 75, kwa sababu ukuta wangu ni ukuta wa jirani. Hiyo ni desibeli 9 chini ya 84. Yaani muda mwingi natumia kama moja ya nane ya wati. Radiola ya 1926 ingetosha!

Lakini muziki si wastani. Zile tarumbeta za TPOK Jazz zikiingia, zinaweza kuruka desibeli 20 juu ya wastani. Kutoka 75 hadi 95, hapo nahitaji kama wati 13. Bado niko ndani ya 15. Jumapili mchana nikiongeza hadi wastani wa 80, kilele ni 100, na hapo nahitaji wati 40. Sina. Amplifaya ikiombwa kisichokuwepo, inakata vichwa vya mawimbi vikawa bapa. Ukisikia ile sauti ya kukwaruza, ndiyo hiyo. Mawimbi yaliyokatwa yanazaa sauti nyembamba ambazo hazikuwa kwenye wimbo, na zote zinakimbilia kwa twita. Kwa hivyo amplifaya ndogo inayolazimishwa inaweza kuunguza twita, hata kama spika imeandikwa inabeba wati 100.

Kwa hivyo ndiyo, nahitaji nguvu zaidi. Swali ni kiasi gani. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu: utasikia tofauti, lakini hutaruka kutoka kwenye kiti. Ili masikio yaseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kutoka 15 hadi 30 ni hatua ndogo, hainifikishi 40. Kutoka 15 hadi 150 ni kununua kelele ambayo mtaa huu hautaivumilia, na pesa sina. Kutoka 15 hadi 50 napata kama desibeli 5, na ndizo zile nilizopungukiwa Jumapili.

Kama spika zako zina desibeli 95, hesabu yako ni tofauti. Huenda amplifaya uliyo nayo inatosha milele, na anayekuambia uongeze anakuuzia. Kama ni 83 na sebule ni kubwa, wati 100 za kweli si maringo. Anza na spika, kisha kiti chako, kisha jirani, halafu ndipo uende dukani. Ukifika, uliza yale maswali ya 1974. Hizi wati ni za mfululizo ama za mpigo? Ni za kila upande, zote mbili zikifanya kazi, ama zimejumlishwa? Kwa omu ngapi? Sauti ikiwa imeharibika kiasi gani? Muuzaji akikosa jibu hata moja, mwombe aigeuze nyuma, kisha uinyanyue uone uzito.

Mimi natafuta iliyotumika, wati 50 kila upande kwa omu 8. Kufikia sasa nimeona mbili kwa bei yangu. Moja imeandikwa mbele kwa herufi za dhahabu, na ni nyepesi kama mkate. Nyingine haina maandishi makubwa. Ina transfoma ya ukubwa wa tofali, na nyuma inasema inakula wati 180. Fundi ameniwekea hiyo hadi Ijumaa.